Kuku kumi nyuma ya nyumba: mfuko wa dukani, konsentreti, kuchanganya mwenyewe au mabaki ya jikoni?

Huku Kihonda, Morogoro, bei ya mfuko wa chakula cha kuku ikipanda, jioni hiyo hiyo utasikia ng'ambo ya uzio: "Shoga, wewe siku hizi unawapa nini?" Hapo ndipo hesabu zinapoanza. Mmoja kaambiwa konsentreti, ile ya kuchanganya na mahindi, ndiyo nafuu. Mwingine ana shemeji mwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo anachanganya mwenyewe. Wa tatu ameacha kununua kabisa: anawafungulia kuku wakajitafutie, jioni anawamwagia pumba na ukoko wa ugali. Kila mmoja ana hakika kwamba yeye ndiye aliyepatia, na wote wanapima kwa kitu kimoja, bei ya mfuko.

Mimi nafuga kuku kumi wa kisasa wa mayai na matetea matano ya kienyeji, na njia zote nne nimezipitia. Bei ya mfuko ni kipimo kibovu. Pima kwa trei: trei moja ya mayai imekula kilo ngapi, na kilo hizo zimekutoka shilingi ngapi.

Hesabu ya trei

Kuku wa kisasa anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Tuchukue 120, maana kuna kinachomwagika. Kuku kumi, kilo 1.2 kwa siku.

Wakiwa wanataga vizuri, unaokota mayai manane kwa siku. Trei ya mayai 30 inajaa kabla siku ya nne haijaisha, na hapo wamekula kilo 4.5. Sasa wabadilishie chakula duni, washuke hadi mayai matano. Trei ile ile inajaa baada ya siku sita, na wamekula kilo 7.2. Kuku hawali kidogo kwa sababu wanataga kidogo. Tumbo ni lile lile.

Weka bei ya mfano. Kilo ya chakula kizuri tuseme ni shilingi 1,000: trei yako imegharimu 4,500. Kilo ya chakula duni ni shilingi 750, na unafurahi umeokoa robo nzima. Lakini 7.2 mara 750 ni 5,400. Umeokoa 250 kwenye kilo, ukapoteza 900 kwenye trei, na juu ya hayo mwisho wa mwezi una trei tano za kuuza badala ya nane. Weka bei za kwako, za mtaani kwako, za wiki hii. Kwa kushuka kutoka mayai manane hadi matano, chakula duni kinatakiwa kiuzwe chini ya asilimia 63 ya bei ya kizuri ndipo mtoane sare. Ni nadra sana kukikuta hivyo.

Kwa hiyo anza na daftari. Andika mayai ya kila siku na siku uliyofungua mfuko. Bila daftari utalinganisha kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mfugaji siku zote inapendelea mfuko wa bei ndogo.

Kuku wako ni yupi?

Ulinganisho wote huu unageuka kulingana na kuku uliye naye. Kuku wa kisasa wa mayai, wale wekundu wa aina ya Lohmann Brown au ISA Brown, amezaliwa kutaga mayai yanayokaribia 300 kwa mwaka. Hana siku ya kupumzika. Ukimnyima chakula, ataendelea kutaga kwa siku kadhaa akitoa kwenye mwili wake mwenyewe, kisha atasimama ghafla, amekonda na mifupa imekuwa laini. Tetea la kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, anaatamia, analea vifaranga. Chotara kama Kuroiler na Sasso wako katikati.

Ukimlisha tetea la kienyeji chakula kamili cha mfuko kutwa nzima ukitarajia mayai 300, unatupa fedha. Ataongeza mayai kidogo na mafuta mengi. Ukimlisha kuku wa kisasa kama tetea la kienyeji, unamuua taratibu. Makosa yote mawili nayaona mtaani kwetu kila mwaka, na hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu kuku huyo hakuchagua kuwa hivyo.

Yai linataka nini

Chakula cha kuku anayetaga kinatakiwa kiwe na protini asilimia 16 hadi 18, nguvu ya kilokalori 2,700 hadi 2,800 kwa kilo, na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Hiyo kalsiamu ndiyo inayokitofautisha na vyakula vingine vyote. Chakula cha kukuzia, kile cha kuku wa wiki 8 hadi 18, kina kalsiamu ya asilimia moja hivi tu.

Ganda la yai moja lina uzito wa gramu 5 hadi 6, na ndani yake kalsiamu tupu ni zaidi ya gramu 2. Kuku anahitaji kula karibu mara mbili ya hiyo kila siku, maana si yote inayofyonzwa. Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa kwenye kichaga amelala na gole, kile kifuko cha chakula shingoni, limeshapungua. Ndiyo maana chokaa ya chembechembe na makombe ya baharini yaliyopondwa hufaa zaidi jioni kuliko chokaa laini kama unga: yanakaa kwenye firigisi, yanayeyuka polepole mpaka alfajiri.

Protini nayo ina hesabu yake. Yai lina gramu 6 hivi za protini. Kuku akila gramu 115 za chakula chenye asilimia 17, anapata gramu 19 na nusu. Zinatosha mwili, manyoya na yai. Shikilia namba hiyo, tutakuja kuipima na ugali.

Mfuko kamili na konsentreti

Mfuko kamili umeshachanganywa. Unafungua, unamwaga. Kwa kuku kumi, kilo 50 zinakwisha kwa siku 42 hivi. Hiyo ni karibu na mpaka wangu: chakula kilichosagwa sipendi kikae zaidi ya wiki sita, hasa hapa kwenye joto, kwa sababu vitamini zinapungua na mafuta yanachacha. Kama una kuku watano, nunua mfuko wa kilo 25 au mgawane na jirani.

Konsentreti ni chakula kilichotolewa mahindi. Protini, madini, vitamini, vyote vimo, wewe unaongeza mahindi yaliyoparazwa na pumba kwa uwiano ulioandikwa kwenye mfuko. Tuseme uwiano ni kilo 35 za konsentreti kwa 65 za mahindi na pumba. Mfuko mmoja wa kilo 50 unakupa kilo 143 za chakula. Kuku kumi watazila kwa miezi minne! Kuku 40 watazimaliza kwa mwezi mmoja. Kwa hiyo konsentreti ni ya mwenye kuku 30 na kuendelea, au ya majirani watatu wanaonunua pamoja, au ya anayepimiwa kwa kilo kwenye duka analoliamini.

Kwa bei, konsentreti hushinda msimu mmoja na kushindwa mwingine. Julai na Agosti, mavuno yameingia na mahindi yamejaa sokoni, au una magunia yako mwenyewe kutoka shamba, kilo yako itatoka chini kuliko ya mfuko kamili. Februari mahindi yakiwa ghali, tofauti inayeyuka, na bado una kazi ya kuchanganya. Mimi kila Julai napiga hesabu upya. Sioni sababu ya kufunga ndoa na njia moja mwaka mzima.

Kuna kosa moja la konsentreti ambalo limeharibu banda la jirani yangu. Alisoma "kilo 35 kwa 65", akaweka zile 65 zote pumba. Pumba za mahindi zina protini nzuri tu, asilimia 9 hadi 11, wala si uchafu. Lakini nguvu yake ni ndogo kuliko ya mahindi na makapi ni mengi. Kuku walijaza gole, wakashiba, wakakonda. Pumba zikae chini ya robo ya mchanganyiko kwa kuku wa kisasa. Na usiongeze dagaa juu ya konsentreti "ili kuimarisha": ndani yake imeshapimwa protini na chumvi, ukiongeza unavuruga vyote viwili. Soma pia kama mfuko unasema chokaa imo au uiweke mwenyewe, maana zipo za aina zote mbili.

Tukiwa kwenye pumba: huku kwetu zinauzwa pia pumba za mpunga. Zile laini, zenye mafuta kidogo ukizisugua kiganjani, ni chakula. Zile za kukwaruza, za rangi ya majani makavu, ni maganda ya mpunga yaliyosagwa. Hayo ni ya kutandika bandani. Muuzaji anaweza akaviita vyote viwili pumba, kwa hiyo ingiza mkono kwenye gunia kabla ya kutoa pesa.

Kuchanganya mwenyewe

Hapa ndipo moyo wa mfugaji unapopenda kwenda, na ndipo wengi wanapoangukia. Nitakupa mchanganyiko ninaoujua, wa kilo 100, kisha nikueleze kwa nini huenda usiuhitaji.

Mahindi yaliyoparazwa kilo 54. Pumba za mahindi kilo 8. Mashudu ya alizeti, yaani makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta, kilo 10. Mashudu ya soya kilo 12. Dagaa waliosagwa kilo 6. Chokaa ya mifugo kilo 8.5. Unga wa mifupa kilo 1. Chumvi gramu 250. Premiksi ya kuku wa mayai, yaani unga wa vitamini na madini, gramu 250. Ukipiga hesabu, protini inafika karibu asilimia 17 na kalsiamu inakaribia asilimia 3.8. Nguvu inaangukia chini kidogo ya 2,700, kwa hiyo kuku watakula gramu chache zaidi kufidia.

Mashudu ya alizeti yanapatikana kwa urahisi kwa sababu Singida na Dodoma wanakamua sana, lakini protini yake haitabiriki: yaliyokamuliwa na maganda yanaweza kuwa chini ya asilimia 28, na makapi ni mengi. Mashudu ya pamba ni nafuu zaidi, na watu wa Mwanza na Shinyanga wanayo mengi, ila yana gosipoli, sumu ambayo hufanya kiini kigeuke rangi ya kahawia au kijani chafu yai likikaa. Mimi siyaweki kabisa kwa kuku wa mayai. Soya mbichi usiweke: ina vizuizi vya umeng'enyaji, lazima ikaangwe au ichemshwe kwanza. Watu wengi husaga soya mbichi wakidhani wameongeza protini, kisha wanashangaa kuku wanaharisha.

Dagaa ndiye mfalme wa mchanganyiko na ndiye mwenye udanganyifu mwingi. Dagaa wa Ziwa Victoria, wakavu na safi, wana protini asilimia 50 hadi 60. Lakini wale wa daraja la kuku huanikwa chini, kwenye mchanga, na mchanga una uzito. Chukua konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika kumi. Utauona mchanga umelala chini. Ukizidisha dagaa hata kama ni safi, mayai yananuka shombo, na mteja aliyekula yai la shombo asubuhi harudi. Kilo 6 kwa 100 ni mahali pazuri, 10 ni mwisho.

Premiksi sasa. Pakiti ya kilo moja, ukitumia gramu 250 kwa kilo 100, inatosha kilo 400 za chakula. Kuku kumi watakula kilo 400 kwa siku 333. Utakuwa na pakiti iliyofunguliwa kabatini karibu mwaka mzima, na vitamini zake zimekwisha zamani. Kuku 100 wanaimaliza kwa mwezi mmoja na siku tatu. Hiyo peke yake inakuambia kuchanganya mwenyewe kunamfaa nani. Wapo wanaoamua kuiacha premiksi "kwa kuwa ni kidogo". Ni kidogo kwa uzito tu. Bila hiyo mayai yatapungua, na vifaranga wa mayai hayo, ukiyatotolesha, watakuwa dhaifu.

Na kuchanganya kwenyewe ni kazi ya mikono yenye utaratibu. Chumvi, premiksi na unga wa mifupa vichanganye kwanza na kilo mbili tatu za unga wa mahindi mpaka huoni tofauti, kisha hicho ukichanganye na kiasi kikubwa zaidi, ndipo kiingie kwenye rundo lote, koleo baada ya koleo, uligeuze rundo mara nne au tano. Ukimwaga gramu 250 za chumvi moja kwa moja juu ya kilo 100, kuku mmoja atakula chumvi ya wote.

Hukumu yangu kwa njia hii: kuku 100 na zaidi, mizani nzuri, mashine iliyo karibu, na mtu mwenye subira. Kwa kuku kumi nilijaribu mwaka mmoja, nikatumia Jumamosi nyingi, na trei yangu ilitoka ghali kuliko ya mfuko. Sijutii, maana ndiko nilikojifunza kila kilicho ndani ya mfuko.

Ukungu ni adui wa njia zote

Unapoanza kununua mahindi, unaingia kwenye hatari ambayo mnunuzi wa mfuko huisahau na mchanganyaji hawezi kuisahau: sumukuvu. Kuvu ya Aspergillus huota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, ikatoa aflatoksini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi ya namna hiyo yalifanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao. Mwaka 2016 ilitokea kwetu, Dodoma na Manyara. Kuku naye ini linaharibika, mayai yanapungua, kinga inashuka, chanjo hazishiki vizuri. Mara nyingi mfugaji anadhani ni mdondo.

Usikubali msemo wa "haya yameoza kidogo, ya kuku hayana shida". Mahindi yasiyofaa kwa ugali wako hayafai kwa yai lako. Kujua kama yamekauka, tia konzi ya mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishe juani. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na ya zamani itumike kwanza.

Huria na mabaki ya jikoni

Tulishikilia gramu 19 na nusu za protini. Chukua ugali sasa. Gramu 120 za ugali, ambazo zinajaza gole, zina unga wa gramu 45 hivi, kilichobaki ni maji. Protini yake haifiki gramu 4. Yai moja linataka 6, na mwili wa kuku haujala bado. Kuku wa kisasa aliyeshiba ugali na wali ni kuku mwenye njaa, ila njaa yake haionekani.

Kwa matetea yangu ya kienyeji hesabu ni nyingine kabisa. Wanatoka asubuhi, wanachakura chini ya miembe, wanapata mchwa, wadudu, mbegu, majani. Hiyo ni protini ya bure. Jioni nawaongezea gramu 30 hadi 50 kila mmoja za mchanganyiko wa pumba, mahindi na dagaa kidogo, na chombo cha makombe pembeni. Kwao njia hii inashinda mfuko bila ubishi, maana mayai ni machache lakini fedha iliyotoka ni ndogo mno. Gharama iko kwingine: kenge na mwewe, bustani ya jirani, na mayai yanayotagwa vichakani usiyoyaona.

Mabaki kwa kuku wa kisasa yawe kitafunwa cha alasiri, yasizidi sehemu moja ya kumi ya kinacholiwa kwa siku, na yaje baada ya wao kula chakula chao. Asubuhi kamwe. Usiwape parachichi wala ganda lake, maharage makavu yasiyopikwa, maganda ya viazi yenye kijani, chakula chenye chumvi nyingi, wala ukoko uliolala mpaka ukaota ukungu.

Majani ni jambo jema kwa wote. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo kuku anayekula mahindi hayo bila majani atatoa kiini cheupe, na mteja ataliita yai la plastiki. Lishe ya protini haijapungua, lakini mteja ananunua kwa macho. Funga shada la mchicha au matembele ulining'inize kimo cha kichwa cha kuku. Ndani ya wiki mbili kiini kinageuka njano. Majani ya mti wa lusina pia yanafanya kazi hiyo, ila kidogo tu, yana sumu yake yakizidi.

Kuhusu funza wanaofugwa kwa taka: waliokaushwa wana protini ya karibu asilimia 40 na kuku wanawagombania. Mimi nawaona kama mbadala wa dagaa kwa anayechanganya mwenyewe. Funza wabichi wana maji mengi, kwa hiyo konzi yake si sawa na konzi ya dagaa wakavu.

Mfuko wenyewe nao upimwe

Nimesema kwa kuku kumi mfuko kamili ndio chaguo langu, lakini mfuko nao unaweza kukusaliti. Mwaka mmoja nilinunua duka moja la karibu, mfuko ulikuwa umefunguliwa ukafungwa tena kwa kamba. Ndani ya siku kumi nilitoka mayai manane hadi matatu. Nililaumu joto, nikalaumu minyoo, nikawapa dawa. Mwishowe nikatia chakula kwenye glasi ya maji.

Kipimo hicho kinahitaji hatua ya pili, kwa sababu chakula kizuri cha kutagia nacho kina chokaa, na chokaa inazama. Mwaga maji na vinavyoelea, chukua kile kizito kilichobaki chini, kamulia limao. Chokaa inatoa povu. Mchanga unabaki kimya. Changu kilibaki kimya karibu chote.

Tangu hapo nanunua mfuko ulioshonwa kiwandani tu, wenye lebo ya aina ya chakula, viwango na tarehe. Nikiufungua nanusa kwanza: harufu iwe ya nafaka na dagaa kwa mbali, isiwe ya chumba kilichofungwa. Nikiminya konzi isigande. Mwenye kuku wengi ana njia ya uhakika zaidi: maabara ya Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, kule Temeke, hupima vyakula vya mifugo. Kwa kuku 200 gharama ya kupima ni ndogo kuliko wiki moja ya mayai yaliyopotea.

Banda lenye kuku wa umri tofauti

Hili huulizwa sana, maana nyuma ya nyumba hatuna mabanda matatu. Una kuku wanaotaga, matemba wa miezi mitatu, jogoo mmoja, wote pamoja. Ukiwapa wote chakula cha kutagia, kalsiamu ile inaharibu figo za wadogo, na madhara yake huonekana baadaye kabisa. Hapa ndipo chakula cha kukuzia kinaposhinda cha kutagia: wape wote hicho, chenye protini isiyopungua asilimia 16, kisha weka chombo cha pili chenye makombe yaliyopondwa au chokaa ya chembechembe. Wanaotaga watajichotea wenyewe, wengine watapita. Dar es Salaam na Tanga makombe yanaokotwa ufukweni, Mwanza wanatumia magamba ya konokono wa ziwani. Yaoshe chumvi na matope, yaanike, yaponde yawe saizi ya punje ya mtama. Maganda ya mayai nayo yanafaa, yakikaangwa kwanza na kupondwa yasifanane tena na yai, la sivyo utawafundisha kula mayai yao.

Na kabla hujalaumu chakula chochote, angalia maji. Kuku kumi hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, zaidi kwenye jua la Januari. Kuku akikosa maji nusu siku, hali, na mayai yanashuka hata ukimlisha nini. Kwenye joto kali wape chakula alfajiri na jioni, mchana hawatakigusa.

Ukishaamua kubadili, usibadili siku moja. Siku mbili za kwanza robo ya chakula kipya na robo tatu za cha zamani, kisha nusu kwa nusu siku tatu, kisha robo tatu kwa robo siku mbili. Siku ya nane kipya kinabaki peke yake. Mayai ya wiki hiyo usiyaingize kwenye hesabu, kuku wanakuwa bado wanatumia akiba ya mwilini. Anza kuhesabu trei wiki ya tatu, kwa mwezi mzima, na mizani mkononi.